Swali Alilolimeza Dwight

Hebu mwone Saloma Troyer anavyofika kazini Jumatatu hiyo ya mwezi wa tatu. Gari lake dogo la kijivu limeliwa na chumvi wanayomwaga barabarani kuyeyusha theluji, na yeye huliegesha mbali kabisa, kwenye ua wa nyuma, ili nafasi za karibu na mlango wazipate wenye wagonjwa. Anashuka taratibu, mguu wa kushoto kwanza, maana goti la kulia lilishamsusa siku nyingi. Koti la kahawia linampita magoti. Nywele ni fupi, nyeupe, hazikufunikwa na kitu. Mtu asiyemjua angesema huyu ni bibi amekuja kumwona mjukuu. Kumbe ndiye anayewafundisha kazi wachungaji wa hospitali, wale wanaoingia vyumbani kukaa na wagonjwa, na ameifanya kazi hiyo mpaka walinzi wa mlangoni wamezeeka naye.

Kazi yenyewe ukiitazama kwa mbali huioni. Wanakuja kwake watu wazima, wengine wamekwisha kuwa wachungaji makanisani, wengine wameacha kazi nyingine baada ya kuhisi wameitwa. Anawapeleka kwa wagonjwa, halafu anaketi nao kwenye duara la viti na kuwauliza walichokifanya huko. Hawafundishi kuhubiri, hilo wengi wao wanalijua kupita kiasi. Anawafundisha kukaa. Kukaa kwenye kiti karibu na mtu anayekufa bila kukimbilia Biblia, bila kukimbilia hali ya hewa, bila kukimbilia mlango.

Mwaka huo alikuwa na wanafunzi watatu. Alikuwepo Yolanda Ruffin, mama wa Kipentekoste kutoka Canton, mwenye sauti ya kuamsha kanisa zima na jicho lisilopitwa. Alikuwepo Britta Solberg, binti wa Kilutheri ambaye machozi yake yalikuwa karibu siku zote. Na alikuwepo Dwight Kinzer. Dwight alikuwa ameuza matrekta sehemu kubwa ya maisha yake. Mwili mkubwa, mikono mikubwa, moyo mkubwa, na mdomo ambao haukuwahi kupumzika tangu aumbwe. Kimya kilimtisha kuliko mauti. Mwanzoni, mwezi wa tisa, alikuwa akiingia kwa mgonjwa kama anayeingia kwa mteja, na kabla hujakaa sawa ameshauliza umezaliwa wapi, una watoto wangapi na shamba lako lina ekari ngapi.

"Kaka Dwight," Yolanda alimwambia siku moja kwenye duara, "yule mzee alikuwa anakata roho, na wewe unamuuliza boti yake inatumia injini gani."

"Alipenda boti yake, dada."

"Aliipenda. Lakini alikuwa anakuambia anaogopa. Wewe ukamrudisha ziwani."

Wote wakacheka, na Dwight mwenyewe akacheka, lakini masikio yakamwiva. Saloma alisubiri kicheko kiishe. Kisha akamwambia, kwa ile sauti yake ya chini, "Dwight, kila swali linapokupanda kooni, jiulize: hili ni la mgonjwa, au ni la kwangu? Kama ni la kwako, limeze."

"Nitashiba, Mwalimu."

"Shiba. Hakuna aliyekufa kwa hilo."

Tangu siku hiyo wakawa wanalifanyia kazi hilo tu. Majira ya baridi yote Saloma alikaa na Dwight ana kwa ana, wiki baada ya wiki, akimfundisha kunyamaza kama mtu anavyomfundisha mwingine kuogelea. Na Dwight, Mungu ambariki, akajifunza. Ilipofika mwezi wa tatu aliweza kukaa kando ya kitanda, mikono juu ya magoti, na kuuacha ukimya ufanye kazi yake. Saloma alijivunia jambo hilo kuliko alivyokubali kusema.

Basi Jumatatu hiyo, anapokaribia mlango mkubwa, anaona gari la kukodi limesimama na kijana wa Kiamishi, kofia nyeusi, ndevu zisizo na masharubu, anamsaidia dereva kushusha kiti cha magurudumu. Waamishi wa vilima vya Holmes, Wakristo wanaoishi kizamani bila umeme wala magari yao wenyewe, huletwa hospitalini hapo kila siku, kwa hiyo hilo halikumsimamisha. Kilichomsimamisha ni jinsi kijana alivyoinamisha shingo upande. Hivyo ndivyo shemeji yake marehemu, Eli Mast, alivyokuwa akiinamisha. Akatazama kwenye kiti. Chini ya kofia nyeusi ya kike, uso umekwisha, rangi ya manjano kama nta, alikuwa dada yake Lovina.

Hawakuwa wameonana tangu mazishi ya mama yao.

Saloma alizaliwa kwenye nyumba isiyo na umeme, wa mwisho kati ya watoto tisa, na kwa kuwa mama aliumwa sana baada ya kumzaa, Lovina ndiye aliyemlea. Lovina alimfundisha kukanda unga, kusuka nywele, kuimba nyimbo ndefu za polepole. Alipobatizwa akiwa binti wa miaka kumi na tisa, Lovina alikaa nyuma yake, na baada ya ibada akamwambia, "Sasa nimemaliza kazi yangu." Miaka mitatu baadaye Saloma akaondoka kwenda kusoma. Angeondoka kabla ya ubatizo, angeitwa mtoto wa dunia na kuombewa, basi. Lakini kwa kubatizwa alikuwa ameweka nadhiri, na aliyeweka nadhiri akaondoka hutengwa. Kutengwa kwao si kugombezwa. Watakusalimu, watakupa kiti, watakuuliza habari za barabara. Ila hawataketi nawe meza moja, wala hawatapokea kitu kutoka mkononi mwako. Ukitaka kumpa mtu sahani, uiweke mezani, uondoe mkono, ndipo yeye aichukue. Atakuwa ameichukua mezani, si kwako.

Siku ya mazishi ya mama yao walimwandalia meza yake peke yake, wakaisogeza karibu kabisa na meza ya ndugu, halafu wakatandika kitambaa kimoja juu ya zote mbili ili wageni wasione. Saloma alipitisha kidole juu ya kitambaa wakati wa kula tambi za kuku, akaupapasa ule ufa uliokuwa chini yake. Lovina alimwona akifanya hivyo.

Sasa Lovina alikuwa amelazwa ghorofa ya nne, saratani ya kongosho, na daktari hakuwa na jipya la kusema. Saloma alipanda mchana, wakati Mose, mwanawe Lovina, yule kijana wa mlangoni, amekwenda kutafuta kahawa. Dada yake alikuwa amevuliwa nguo zake na kuvalishwa gauni la hospitali, lakini kofia nyeupe ya kitambaa ilikuwa bado kichwani, kamba zimefungwa sawasawa chini ya kidevu. Walizungumza Kijerumani chao cha nyumbani, kile ambacho Saloma alikuwa akikitumia kujisemea tu jikoni.

"Umekata nywele," Lovina alisema.

"Zamani, dada."

"Naona. Umekuwa kama baba alipougua."

"Na wewe umekuwa kama mama alipokuwa na hasira."

"Mimi nilibaki nyumbani, Sali. Lazima nifanane na mtu wa nyumbani."

Saloma, aliyeitwa Sali nyumbani kwao tangu utoto, akacheka kidogo, na pembe ya mdomo wa Lovina ikatikisika. Midomo ile ilikuwa imepasuka kwa ukavu. Kwenye meza ya kitanda muuguzi alikuwa ameacha kikombe cha vipande vya barafu na kijiko cha plastiki, maana tumbo halikukubali maji tena ila kile kinachoyeyukia ulimini. Saloma amewalisha wagonjwa barafu mara nyingi hata mkono wake hauombi ruhusa. Akachota kipande kidogo, akakinga kiganja chini ya kijiko, akakisogeza.

Lovina akafunga mdomo. Hakugeuza uso, alikitazama kile kijiko kama mtu anavyomtazama mtoto wa jirani aliyemzoea.

"Weka mezani," alisema.

"Mikono yako haiinuki, dada."

"Weka mezani, Sali."

Akaiweka. Akarudisha kijiko kikombeni, akasogeza kikombe ukingoni, karibu na vidole vya dada yake, akaondoa mkono. Vidole vya Lovina vikatambaa kwenye shuka, vikafika nusu ya njia, vikachoka.

"Nimwite muuguzi?"

"Usimsumbue mtoto wa watu. Ana wengi."

Wakakaa. Saloma alijua kukaa, hiyo ndiyo kazi yake. Lakini kukaa kule kulimshinda. Alipotoka, barafu ilikuwa imeanza kung'aa pembeni.

Sasa ujue alichokitaka, maana tangu hapo hakutaka kingine. Hakutaka kuombwa msamaha wala kusamehewa. Hakutaka kurudishwa kanisani. Alitaka dada yake apokee kijiko kimoja cha barafu kutoka mkononi mwake kabla hajafa. Alilala na jambo hilo na kuamka nalo.

Lakini hakurudi chumbani. Utashangaa, na mimi nilishangaa niliposikia, ila mtu wa kazi hii hashangai. Saloma alikuwa amewafundisha kizazi kizima cha wachungaji kwamba mgonjwa ananyang'anywa kila kitu hospitalini: nguo, saa ya kula, hata jina. Kinachobaki mkononi mwake ni kukataa. Akikukataa, toka, na usirudi mpaka akuite. Ukirudi kwa sababu moyo wako unauma, umeuleta moyo wako kutibiwa kwa mgonjwa. Alikuwa amewaambia maneno hayo watu waliolia mbele yake. Angewezaje kuyavunja yeye? Akangoja kuitwa.

Kosa lake lilikuwa mahali pengine. Ghorofa ya nne ilikuwa ya Dwight. Kwa desturi ya kazi, angemwambia mwenzake mmoja, "Kule juu yupo ndugu yangu," na Dwight angehamishiwa kwingine mpaka mambo yaishe. Hakusema. Jina la Troyer halifanani na Mast, na vilima vile vimejaa watu wa majina hayo, nani angejua? Akamwacha Dwight aende, na moyoni, mahali asipotaka kupachungulia, akaomba kitu ambacho hakuwahi kukiomba tangu mwezi wa tisa. Aliomba Dwight awe Dwight wa zamani. Aingie kwa mdomo wake wote, aulize una ndugu wangapi, yuko wapi huyo wa mwisho, na kwa nini hayupo hapa.

Jumatano baada ya chakula cha mchana, Dwight akagonga mlango wa ofisi yake. Alikuwa ameshika kofia mkononi.

"Mwalimu, una dakika? Nimetoka kwa mama mmoja wa Kiamishi, ghorofa ya nne. Kuna kitu kimetokea pale. Nataka nikwambie kabla sijakisahau."

Nawe sikia hili vizuri. Wachungaji hawa wana desturi wanayoiita Neno kwa Neno. Mwanafunzi akitoka chumbani huandika kutoka kichwani kila kilichosemwa, yeye na mgonjwa, na hata kimya hukiandika mahali pake. Halafu siku ya duara husomwa kwa sauti: mwandishi anajisoma mwenyewe, na mwenzake mmoja anamsoma mgonjwa. Na kabla ya duara jambo halisimuliwi, hata kwa mwalimu, maana ukishalisimulia kwenye mlango wa mtu unakuwa umelipaka sukari, na linapofika kwenye duara limekufa. Saloma alikuwa mkali kwa hilo kuliko mwalimu yeyote.

Akatamani kusema, "Ingia, funga mlango." Mdomo wake, uliozoea, ukasema, "Lilete Ijumaa, Dwight."

"Ni kitu kidogo tu, Mwalimu."

"Basi hakitaoza."

Dwight akatabasamu, akavaa kofia. "Wewe nawe ni mgumu. Ningekuuzia trekta, ningefilisika."

Akaenda zake.

Ijumaa Saloma alileta mkate, kama kila Ijumaa. Alioka alfajiri, akaufunga kwenye taulo, akaja na chupa ya jamu nyeusi ya matofaa. Wanafunzi walikuwa wameshazoea: anakata yeye, anampa kila mmoja mkononi. Britta alipokea kwa mikono miwili. Yolanda alipokea akasema, "Mwalimu, ukistaafu uache huo mkono hapa." Dwight alikula kipande chake kabla hajakaa.

Kisha akagawa karatasi. "Mimi ni mimi," alisema. "Wa kumsoma mgonjwa... Mwalimu, naomba uwe wewe. Mama huyu alikuwa mtu wa vilima vya huko Holmes. Nawe, usinikasirikie, ukichoka unaongea kama wao."

Britta akacheka. Yolanda hakucheka, alikuwa anamtazama Saloma. Saloma akavaa miwani. Angeweza kukataa. Lakini mwanafunzi ndiye anayechagua, ndiyo desturi, na yeye ndiye aliyeiweka.

Dwight akasafisha koo. "Habari za mchana, mama. Naitwa Dwight. Mimi ni mchungaji wa hapa hospitali."

Saloma akasoma, "Wewe ni mkubwa. Hicho kiti kitakuweza?"

"Tutajua sasa hivi, mama."

"Keti, basi. Usinisalie. Wanangu wamesali tangu asubuhi, Mungu anataka kupumzika."

Duara likacheka. Hata Saloma akasikia kicheko kikimtoka puani, maana ilikuwa sauti ya Lovina mtupu.

"Kimya," Dwight akasoma.

"Nina mdogo wangu," Saloma akasoma. "Yumo humu humu hospitalini."

"Kimya."

"Aliniletea barafu. Nikamwambia aweke mezani."

"Kimya."

"Ikayeyuka. Niliitazama mpaka ikawa maji."

"Uliitazama," Dwight akasoma.

"Nilimfundisha kukanda unga huyo. Alikuwa na mikono midogo, unga unamganda mpaka kwenye viwiko. Nikawa namwogesha kama kifaranga."

"Kimya."

Saloma akaiweka juu ya magoti, akaishikilia kwa viganja vyote viwili.

"Kama angerudi tena," akasoma.

Mstari uliishia hapo.

"Kimya kirefu," Dwight akasoma.

"Haya," Saloma akasoma.

"Mgonjwa akafunga macho. Nikakaa kidogo, nikatoka." Dwight akageuza karatasi juu chini. "Ndiyo hivyo."

Britta alikuwa amekwisha kuanza kulia. Dwight akafuta paji la uso kwa kiganja.

"Nataka kusema kitu hapo kwenye kile kimya kirefu. Alikuwa ananitazama. Ananitazama hivi, kama mtu aliyeangusha kitu chini ya kitanda anangoja nimwokotee. Na swali lilikuwa hapa." Akajigusa koo. "Akirudi, nini, mama? Ndilo hilo tu. Nikajiuliza, hili ni la nani? Nikaona ni langu, mimi ndiye ninayetaka kujua. Nikalimeza."

"Mimi ningeuliza," Yolanda akasema.

"Hata mimi ningeuliza, dada. Mwezi wa tisa ningeuliza, na ningeuliza na jina la huyo mdogo wake na anakaa mtaa gani. Mwalimu ndiye aliyeniponya." Akamgeukia Saloma, uso umejaa furaha ya mtu aliyefaulu. "Si ndiyo, Mwalimu?"

Yolanda alikuwa hatazami karatasi wala hamtazami Dwight. Alikuwa anaitazama mikono ya mwalimu wake, imefunguka juu ya magoti. Akasema polepole, "Mwalimu. Tupumzike kidogo?"

"Tumalize ya Dwight kwanza," Saloma alisema. Na akamaliza. Akamuuliza Dwight mwili wake ulikuwaje kwenye ule ukimya. Akamuuliza ukimya wa nyumbani kwao ulikuwaje alipokuwa mtoto. Alifanya kila kitu kilichopaswa kufanywa, na ukimuuliza leo hakumbuki hata neno moja alilojibiwa. Wakati wa mapumziko ulipofika alisimama, akatoka bila koti wala miwani, akapanda kwa ngazi na goti lake lile bovu kwa sababu hakuweza kungoja lifti.

Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Ndani alikuwepo Ada, binti mkubwa wa Lovina, kofia nyeupe, aproni nyeusi, kitambaa cha kushona mapajani. Lovina alikuwa amelala chali, mdomo wazi, pumzi inakuja kwa vipindi, inakatika, inarudi. Kikombe cha barafu hakikuwepo. Mahali pake palikuwa na bilauri yenye vijiti vya sifongo, vile vya kulowanishia midomo ya mtu asiyeweza tena kumeza.

"Tangu lini?" Saloma akauliza.

"Tangu jana asubuhi. Wanasema hasikii." Ada alimtazama, akatambua, akaacha kushona. Alikuwa msichana mdogo siku ya mazishi yale. Hakumwita kwa jina lolote.

"Alisema lolote? Kabla?"

"Mama si msemaji."

"Lolote, Ada."

Ada akafikiri. "Juzi, Jumatano, jioni, aliuliza kama mlango uko wazi. Nikamwambia umefungwa, kuna upepo wa ukumbini. Akasema niufungue. Nikaufungua. Akawa anautazama." Akanyoosha kitambaa. "Nilidhani anaona joto."

Saloma akashika ukingo wa kitanda. Pumzi ya Lovina ikakatika, wote wawili wakaingoja, ikarudi.

Ada akainuka. Alichukua kijiti kimoja, akakichovya, akakikamua pembeni mwa bilauri, akamkabidhi Saloma mkono kwa mkono, maana kumpa aliyetengwa hakukatazwi. Kinachokatazwa ni kupokea. "Mlowanishe wewe," alisema. "Hatajua, mama mdogo."

Mama mdogo. Hakuna mtoto wa nyumba ile aliyewahi kumwita hivyo. Na Saloma akasimama na kijiti mkononi, kinadondosha maji juu ya shuka, nusu shibiri kutoka kwenye midomo aliyoitamani. Hatajua. Hilo ndilo lililomzuia. Alitaka kupokelewa, na aliyelala pale hakuweza kupokea wala kukataa. Mara ya mwisho dada yake alipokuwa na ulimi wa kumjibu, alimwambia aweke mezani. Baada ya hapo palikuwa na nusu ya sentensi tu. Kama angerudi tena ningepokea? Kama angerudi tena ningemfukuza? Kama angerudi tena ningemwambia aweke pale pale? Nusu ile nyingine ilikuwa imeingia kwenye koo la Dwight Kinzer siku ya Jumatano, na hakuna wa kuitoa.

Akakirudisha kijiti kwenye bilauri. Ada akamtazama, asielewe, kisha akakichukua yeye, akamlowanisha mama yake midomo, taratibu, juu na chini. Lovina hakuonyesha dalili yoyote.

Alikufa kesho yake. Wakamrudisha vilimani, wakamzika Jumanne kwenye udongo ambao bado ulikuwa na barafu. Saloma alikwenda. Mose alimpokea vizuri, akamuuliza habari za barabara, na akamwonyesha mahali pake pa kukaa. Safari hii hawakutandika kitambaa kimoja. Meza yake ilikuwa karibu na dirisha, na kitambaa chake chenyewe, kisafi, kimepigwa pasi. Alikula tambi za kuku. Ada alipita akaongeza chai. Alipomaliza aliondoka.

Alipomweleza mkubwa wake wa kazi kwamba yule alikuwa dada yake na hakusema, mkubwa alimsikiliza kwa upole, akaanza, "Ninachosikia kwako, Saloma, ni kwamba..." Saloma akamwomba asimalizie. Wakakubaliana kwamba baada ya wanafunzi hawa watatu hatapokea wengine. Huenda ingekuwa hivyo hata bila jambo hili. Goti lilikuwa bovu, na hamu ilikuwa imeisha. Yolanda alikuja siku moja ofisini, akakaa kwenye kiti bila kusema chochote, akakaa muda mrefu, vizuri sana, kama alivyofundishwa. Saloma aliona hakuna kitu kigumu kupokea kama hicho.

Siku ya mwisho kila mwanafunzi hukaa na mwalimu wake peke yao, ana kwa ana, aambiwe amekua wapi na bado wapi. Dwight alivaa tai. Alikuwa amepata kazi kwenye hospitali moja ya Akron, ghorofa ya saratani, waliomchukua wamesifu jinsi anavyotulia. Hakujua lolote, Yolanda hakuwa mtu wa kusema ya watu. Alikaa, mikono mikubwa juu ya magoti, akauacha ukimya ukae. Kisha akasema:

"Mwalimu, kuna moja linanirudia. Yule mama wa barafu. Huwa naamka, namwona ananitazama. Nakuuliza wewe kwa sababu ndiwe uliyenifundisha. Nilifanya sawa kunyamaza?"

Aliuliza bila hila, kama mtoto. Akiambiwa alikosea, ataingia Akron akiwa na mzigo ambao haukuwa wake, na huenda asinyamaze tena mbele ya mtu yeyote. Akiambiwa alifanya sawa, iko siku atakaa mbele ya mwingine anayemtazama vile vile, na atameza tena.

Saloma akamtazama. Nje walikuwa wanasukuma maji ya theluji ya mwisho kwenye mifereji. Yeye alikuwa bado hajajibu, na Dwight, aliyefundishwa vizuri, hakumharakisha.

Wewe uliyekaa nao mpaka hapa, ungemjibu nini?